Kuotesha na Kutunza Viola ya Mont Cenis: Kutoka Mbegu Hadi Ua

Kila msimu maswali kuhusu ua hili ni yale yale. Mbegu zina miezi mitatu hazijaota, nizitupe? Mche ulikuwa mzima jana, leo umelala, una nini? Ninyweshe mara ngapi kwa wiki? Mbona mwaka jana ulichanua na mwaka huu ni majani matupu? Majibu yamo humu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia mbegu ikiwa mkononi mpaka mmea unapokupa mbegu zake.

Viola cenisia ni viola ndogo ya Milima ya Alpi, upande wa Ufaransa, Italia na Uswisi. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiandika kwa jina hilo mwaka 1763, akifuata jina la Mont Cenis, eneo la milima karibu na mpaka wa Ufaransa na Italia. Huota kwenye miteremko ya vipande vya mawe ya chokaa, sana sana juu ya mita 2,000, mahali ambapo mawe yenyewe bado yanateleza. Majani ni madogo, ya umbo la yai, hayana meno pembeni. Ua ni la zambarau hafifu lenye jicho la njano, na nyuma yake kuna mkia mwembamba unaohifadhi mbochi, yaani maji matamu ya ua. Hayo ya juu ni sehemu ndogo tu ya mmea. Chini ya mawe kuna mashina membamba mithili ya uzi yanayopenya kila upande yakitafuta upenyo wa kutokea, na ndiyo yanayouokoa mmea kila mawe yanapouporomokea.

Ukielewa makazi hayo umeelewa karibu kila hatua iliyoko hapa chini. Mizizi inakaa mahali pa baridi na penye unyevu, kina kirefu chini ya mawe. Shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na udongo, iko ndani ya kokoto kavu zenye hewa. Wakati wa baridi mmea hulala chini ya theluji, haunyeshewi. Kwa hiyo baridi haiui viola hii. Kinachoiua ni maji yanayotuama shingoni na joto linalofika kwenye mizizi. Anayeanza huhangaika kuikinga na jalidi huku akiimwagia maji kila siku, akapoteza mmea na kuilaumu baridi.

Kabla ya yote: usiichimbe mlimani

Mmea uliong'olewa kwenye kokoto za mlimani huacha sehemu kubwa ya mashina yake chini, na kwa kawaida hauishi. Unaharibu mteremko na hupati kitu. Zaidi ya hayo, katika hifadhi za Alpi kama Gran Paradiso ya Italia (tangu 1922) na Vanoise ya Ufaransa (tangu 1963), kuchuma au kung'oa mimea ni marufuku. Mbegu halali zipo. Vyama vya wapenzi wa mimea ya milimani, kama Alpine Garden Society ya Uingereza, Scottish Rock Garden Club na North American Rock Garden Society, huwa na utaratibu wa wanachama kubadilishana mbegu kila mwaka, na vitalu vichache vya mimea ya milimani huuza miche. Kama mbegu zinavuka mpaka, uliza kwanza masharti ya nchi yako kuhusu cheti cha afya ya mimea. Nchi nyingi hukidai hata kwa pakiti ndogo.

Je, mahali pako panaifaa?

Angalia usiku wa majira ya joto kuliko mchana wake. Usiku ukishuka hadi nyuzi 15 za Selsiasi au chini, kazi inawezekana. Ukibaki juu ya nyuzi 20 kwa wiki kadhaa mfululizo, mmea utadhoofika na kufa hata ukifuata kila neno humu. Kwa hali hiyo ni heri uachane nayo. Mbegu za mmea adimu zisitumike kuthibitisha jambo linalojulikana. Pia inahitaji miezi miwili au mitatu ya baridi ya kweli ili ipumzike na kufanya machipukizi ya maua. Mbegu unaweza kuzidanganya kwa friji. Mmea mzima haudanganyiki hivyo.

Unachohitaji

- Mbegu 20 hadi 40. Panga upoteze nusu, na hakikisha unabaki na miche isiyopungua mitatu yenye asili tofauti. Sababu utaiona kwenye hatua ya 9.
- Vyungu vya plastiki vya sentimita 7 hadi 9 vya kusia mbegu na kulelea miche.
- Vyungu virefu vya udongo wa kuchoma, upana wa sentimita 15 na kina kisichopungua 15, kwa mimea mikubwa. Kina ni muhimu kuliko upana.
- Kokoto ndogo za milimita 2 hadi 6. Za chokaa zinafaa sana kwa spishi hii. Pumisi, jiwe jepesi la volkano, nayo ni nzuri.
- Mchanga mnene wa punje za milimita 1 hadi 2, uliooshwa. Usitumie mchanga wa baharini, una chumvi.
- Mboji ya majani iliyochekechwa, au udongo wa bustani wenye rutuba ya wastani usio na samadi.
- Sanduku lenye mchanga, kina cha sentimita 20, la kuzamishia vyungu.
- Kioo au karatasi ngumu ya plastiki angavu ya kuezekea juu wakati wa baridi.
- Kibano, brashi nyembamba ya kuchorea, lebo na penseli. Wino hufutika kwa jua, penseli haifutiki.
- Mifuko midogo ya kitambaa chepesi cha kukusanyia mbegu.

Mbolea si ya lazima kuanzia. Homoni ya mizizi pia si ya lazima.

Hatua ya 1: Changanya udongo

Michanganyiko ni miwili, usiichanganye.

Wa mbegu: sehemu 1 ya mboji ya majani, sehemu 1 ya mchanga mnene, sehemu 1 ya kokoto za milimita 2 hadi 4.

Wa mimea mikubwa: sehemu 2 za kokoto, sehemu 1 ya mchanga mnene, sehemu 1 ya mboji au udongo.

Vyote vipime kwa kopo moja, si kwa macho. Kabla ya kuchanganya, pitisha mchanga kwenye chujio la jikoni na utupe vumbi lote linalopita. Usiikwepe kazi hii. Vumbi hilo huteremka polepole na maji, hujikusanya chini ya chungu na kufanya tope, na baada ya mwaka mmoja chungu kilichokuwa kinatoa maji vizuri kinakuwa bwawa. Mmea unapokufa katika mwaka wa pili bila sababu inayoonekana, mara nyingi ukigonga chungu utakuta tope hilo chini, jeusi na lenye harufu ya kuoza.

Jaribu mchanganyiko: jaza chungu cha sentimita 15, loanisha, kisha mimina nusu lita ya maji kwa mkupuo. Maji yasituame juu zaidi ya sekunde chache. Yakituama, ongeza kokoto.

Usiweke tabaka nene la mawe makubwa chini ya chungu kwa imani kwamba yanatoa maji. Maji husita pale mchanganyiko laini unapokutana na mawe makubwa, na unyevu unapanda karibu na mizizi badala ya kushuka. Kipande kimoja cha neti juu ya tundu kinatosha.

Hatua ya 2: Sia mbegu

Mbegu mbichi ndiyo bora. Ukiwa nayo iliyoiva msimu huu, isie mara moja, hata kama ni katikati ya majira ya joto. Mbegu iliyokauka na kukaa ndani ya pakiti huota pia, lakini kwa kuchelewa na kwa awamu: chache mwaka huu, nyingine mwaka ujao.

Jaza chungu hadi sentimita moja na nusu chini ya ukingo, gonga mezani mara mbili, usikandamize kwa vidole. Tawanya mbegu 15 hadi 20 juu ya udongo, zisigusane. Funika kwa kokoto laini unene wa milimita 4 au 5. Kokoto hizi hufanya kazi tatu: zinazuia kuvu na mwani, zinazuia matone ya mvua kurusha mbegu, na zinaiacha shingo ya mche mchanga mahali pakavu tangu siku ya kwanza.

Nywesha kutoka chini: simamisha chungu kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 mpaka uone kokoto za juu zimebadilika rangi, kisha kitoe kichuruzike. Andika lebo: jina, chanzo cha mbegu, tarehe ya kusia.

Hatua ya 3: Zipe baridi

Mbegu hizi zina usingizi unaovunjwa na baridi yenye unyevu. Vyote viwili viwepo pamoja. Pakiti kavu iliyokaa friji mwaka mzima haijapata kitu zaidi ya kuhifadhiwa.

Kama una majira ya baridi halisi, acha vyungu nje mahali penye kivuli kuanzia mwisho wa mapukutiko. Vifunike kwa wavu dhidi ya ndege na panya, na theluji ikivifunika, iache.

Kama huna, tumia friji. Changanya mbegu na vijiko viwili vya mchanga ulioloanishwa (ukiukamua mkononi usitoe tone), weka kwenye mfuko wa plastiki wenye lebo, uweke kwenye nyuzi 2 hadi 5 kwa wiki 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya nne, kagua kila wiki. Ukiona kijizizi cheupe kimetoka, sia mchanga wote na mbegu zake siku hiyo hiyo. Kijizizi kikirefuka ndani ya mfuko kinavunjika ukikigusa.

Usitumie sehemu ya kugandishia. Wengi hudhani baridi kali zaidi hufanya kazi haraka zaidi. Sivyo: kinachovunja usingizi ni wiki nyingi za baridi iliyo juu kidogo ya kuganda, wakati mbegu ina maji na shughuli zake za ndani zinaendelea taratibu. Iliyoganda imesimama tu.

Hatua ya 4: Subiri kuota

Baada ya baridi, weka vyungu kwenye mwanga mwingi usio jua kali la mchana, joto la nyuzi 8 hadi 15. Miche ya kwanza huonekana baada ya wiki mbili hadi tano. Joto likizidi nyuzi 20, mbegu ambazo hazijaota zinaweza kurudi usingizini. Kwa hiyo usiviingize ndani ya nyumba yenye joto kwa nia ya kuziharakisha.

Na usitupe chungu ambacho hakijaota. Kiweke kivulini, usikiache kikauke kabisa, kipitishe baridi ya pili. Inawezekana kabisa chungu kikakaa kimya mwaka mzima kisha kikatoa miche kumi katika majira ya pili ya kuchipua. Chungu kinahesabika kimeshindwa baada ya baridi ya pili, si kabla.

Hatua ya 5: Pandikiza miche

Mche ukiwa na majani ya kweli mawili hadi manne (usihesabu yale mawili ya mwanzo), uko tayari. Ukingoja sana, mizizi ya jirani husukana na kuachana ni kukatana.

1. Nywesha chungu saa chache kabla.
2. Toa bonge lote la udongo, liweke mezani, liache lipasuke lenyewe. Usivute mche kutoka juu.
3. Shika mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likichubuka mche utatoa jingine, shina likichubuka mche umekwisha.
4. Tazama mzizi: ni mweupe, mwembamba, na mara nyingi una urefu mara tatu ya sehemu ya juu. Uteremshe wote wima kwenye chungu cha sentimita 7. Mzizi uliokunjwa juu hautajinyoosha.
5. Jaza mchanganyiko kuuzunguka, ukigonga chungu badala ya kukandamiza.
6. Malizia na kola ya kokoto, yaani tabaka la kokoto kuizunguka shingo, unene wa sentimita moja, shingo ikiwa ndani ya kokoto na si ndani ya udongo.
7. Nywesha kutoka chini, weka kivulini siku saba hadi kumi, kisha rudisha kwenye mwanga hatua kwa hatua.

Hatua ya 6: Hamishia kwenye chungu kirefu

Mizizi ikianza kuchungulia kwenye tundu la chini, hamishia kwenye chungu cha udongo kwa mchanganyiko wa mimea mikubwa. Weka mmea katikati, na kola ya kokoto safari hii iwe na unene wa sentimita 2. Wakati mzuri ni mara tu baada ya mmea kuamka, au mwisho wa majira ya joto hali ya hewa inapoanza kupoa. Usihamishe katikati ya joto.

Kisha zamisha chungu hadi karibu na ukingo kwenye sanduku la mchanga. Wanaoanza huona hili kama pambo; kwa kweli ndilo linaloamua kama mmea utavuka majira ya joto. Chungu kilichosimama juani hupata joto ubavuni, na mizizi ya viola hii imejibana ubavuni hapo hapo. Mchanga wenye unyevu unaokizunguka hukipoza, na ukuta wa udongo wa kuchoma hunyonya maji kidogo kidogo kutoka nje. Ukishafika hapo utajikuta unanywesha mchanga zaidi kuliko chungu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 7: Kunywesha na kulisha kwa majira

Hakuna idadi ya mara kwa wiki. Anayekupa idadi hajui chungu chako. Chomeka kijiti cha mbao hadi sentimita 5, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka kikavu, nywesha; kikitoka na giza la unyevu, acha.

Majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka kwao, mmea hunywa sana. Nywesha kwa wingi, uache maji yapite. Majira ya joto punguza, nywesha asubuhi na mapema, uelekeze maji kwenye mchanga wa sanduku na pembeni mwa chungu, si juu ya majani. Mchana wa joto jani likinyauka, gusa udongo kwanza. Kama udongo una unyevu, mmea unaomba kivuli, hauombi maji; ukiongeza maji hapo unapika mizizi. Wakati wa mapukutiko punguza tena. Baridi ikifika, mchanga wa nje ubaki na unyevu kidogo tu, chungu kisinyweshwe kabisa isipokuwa kimekauka hadi chini.

Mbolea: mara mbili au tatu tu kwa mwaka, zote majira ya kuchipua, ile ya maji yenye potasi nyingi na naitrojeni kidogo kama inayotumiwa kwa nyanya, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa. Ukizidisha utapata majani makubwa laini ambayo vidukari huyapenda.

Hatua ya 8: Kuivusha baridi

Mwisho wa mapukutiko toa majani yote yaliyokufa kwa kibano, moja moja. Jani lililooza likilala shingoni hupitisha ukungu wa kijivu mpaka kwenye shina. Kisha ezeka kioo au plastiki juu ya sanduku, kimo cha sentimita 30 hivi, pande zote ziwe wazi. Kinachozuiwa ni mvua, si hewa. Kufunga pande ili kuipa joto ni kosa linalorudiwa kila mwaka: hewa ikisimama, unyevu unabaki juu ya majani, na ukungu unafanya kazi yake usiku kucha.

Chungu kikiganda, kiache kigande. Udongo wa kokoto una maji machache, hivyo hauvunji mizizi. Kinachoumiza ni kuganda na kuyeyuka kila siku juani, kwa hiyo sanduku likae upande usiopigwa na jua la asubuhi.

Sehemu kubwa ya majani hufa wakati huu na chungu kinaweza kuonekana kitupu. Usikimwage. Chini ya kokoto mashina yapo hai.

Hatua ya 9: Maua na mbegu zako mwenyewe

Viola nyingi za misituni hutengeneza mbegu ndani ya maua yasiyofunguka kabisa. Viola za kundi hili, ambalo ndilo pia la viola za bustani zenye maua makubwa, hazina maua ya namna hiyo. Bila mdudu au mkono wako hupati mbegu. Tena mkia wa ua ni mrefu, kwa hiyo mbochi hufikiwa na wadudu wenye ulimi mrefu, ambao hawafiki kila bustani.

Fanya hivi asubuhi yenye jua, ua likiwa na siku mbili au tatu. Petali ya chini ina mfereji unaoingia kooni mwa ua. Chavua hudondokea humo, na utaiona ni vumbi jeupe linaloelekea njano. Juu yake kuna kichwa kidogo cha duara chenye tundu. Hiyo ndiyo stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Ingiza nywele moja au mbili za brashi kwenye mfereji, toa na chavua, kisha uipake kwenye tundu la stigma la ua la mmea mwingine. Mmea mwingine wenye asili tofauti, si kipande cha huo huo. Ndiyo maana tulisema miche mitatu.

Viola nyingine zikichanua karibu, wadudu watachanganya chavua, na mbegu zako zitazaa machotara. Chotara zuri si tatizo bustanini kwako, lakini likigawiwa kwa jina la Viola cenisia linaharibu kazi ya kila atakayelipokea. Tenga mimea, au funika ua kwa kitambaa chepesi kabla halijafunguka na ulichavushe mwenyewe.

Kifuko cha mbegu huanza kikiwa kijani na kimeinama. Kikikaribia kuiva hujiinua, rangi ikafifia kuelekea ya majani makavu. Siku hiyo hiyo kivishe mfuko wa kitambaa, maana kikikauka hupasuka pande tatu na kila upande hujibana na kurusha mbegu mbali. Kila mbegu ina kinundu cheupe chenye mafuta ambacho sisimizi hukipenda, hivyo zilizodondoka juu ya kokoto hubebwa upesi.

Hatua ya 10: Vipandikizi, kama akiba

Mmea mmoja usio na mwenzake ni hatari. Mwisho wa majira ya joto fukua kokoto za juu taratibu, utafute machipukizi yasiyo na maua ambayo sehemu yake ya chini ni nyeupe. Kata kipande cha sentimita 3 au 4 kwa wembe safi. Chenye vijizizi tayari ni bora zaidi. Ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga mnene wenye unyevu, weka kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hadi tano. Usivifunike kwa plastiki zaidi ya siku chache za mwanzo, vitaoza.

Mambo yakienda kombo

*Mche umelala, shina limesinyaa na kuwa jeusi usawa wa udongo.* Ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche. Mche huo haurudi. Ondoa pamoja na udongo uliouzunguka, acha juu pakauke, ongeza hewa. Sababu ni unyevu wa juu na msongamano. Wakati mwingine sia mbegu chache zaidi kwa chungu.

*Shina refu, majani makubwa, hakuna ua.* Kivuli kimezidi, au naitrojeni. Peleka kwenye mwanga zaidi, acha mbolea mwaka mzima. Kama mwanga upo na hakuna mbolea, jiulize kuhusu baridi: mmea uliopitisha majira ya baridi kwenye chumba chenye joto hauna sababu ya kuchanua. Jambo la tatu ni chungu kilichojaa mizizi. Badilisha udongo kila baada ya miaka miwili.

*Majani yana madoa madogo ya manjano, chini yake kuna utando mwembamba.* Utitiri mwekundu. Huja na joto na hewa kavu. Nyunyizia maji upande wa chini wa majani kila asubuhi kwa wiki moja, yakauke kabla ya usiku, na ongeza kivuli.

*Vinundu vya rangi ya chungwa chini ya majani.* Ni kutu ya viola, ugonjwa wa ukungu. Kata kila jani lenye dalili, lichome au litupe mbali, usiliweke kwenye mboji. Mmea ukishambuliwa mwaka baada ya mwaka, chukua mbegu zake na uuondoe.

*Machipukizi yamejikunja na kunata.* Vidukari. Vitoe kwa brashi yenye maji ya sabuni laini, kisha suuza. Usichelewe, kwani vidukari hueneza virusi, na virusi havina dawa. Mmea wenye majani ya mabakamabaka yaliyopinda miaka miwili mfululizo huo umeshaambukizwa. Uondoe, na usiutoe vipandikizi. Mbegu ndiyo njia salama zaidi ya kuanza upya.

*Mmea umenyauka ghafla ilhali udongo una unyevu.* Gonga chungu utazame. Ukiona mabuu meupe yaliyojikunja, kichwa cha kahawia, bila miguu, ni fukusi wa mizizi. Wakusanye wote, osha mizizi iliyobaki, panda upya kwenye udongo mpya. Ukikuta mizizi ya kahawia inayovuliwa ngozi kwa kuguswa, ni kuoza: kata mpaka penye weupe, na chochote chenye jani kifanye kipandikizi.

*Majani yametafunwa usiku, kuna ute unaong'aa.* Konokono au koa. Kola ya kokoto zenye ncha husaidia kidogo. Kuwasaka kwa tochi baada ya mvua husaidia zaidi.

*Katikati ya chungu patupu, majani yanatokea ukingoni, hata kwenye tundu la chini.* Hapa hakuna ugonjwa. Mashina yamesafiri mpaka yakakutana na ukuta. Yakitoka tunduni, usiyavute nje. Vunja chungu ikibidi, yatandaze mashina yote kwenye chungu kipana zaidi kwa kina kile kile, funika kwa mchanganyiko na kokoto. Yatachipua kote yanakogusa mwanga.

*Nina mbegu za viola nyingine ya milimani, nifuate haya haya?* Kwa Viola calcarata na Viola alpina, ndiyo, na calcarata ni mvumilivu zaidi. Anayeanza kabisa aanze nayo. Kwa viola za Andes zenye majani yaliyopangana mviringo kama waridi, hapana. Zile zina masharti yao ya maji na joto, na ratiba hii itaziua.